Carter wa Kamera, Liyongo wa Utenzi

Ukizitazama filamu mbili za makala juu ya Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, utadhani ni marais wawili. Katika ile ya Jonathan Demme ya 2007, Carter ni mzee wa miaka themanini na ushei anayezunguka na kitabu chake kuhusu Palestina, anahojiwa, anashambuliwa, na harudi nyuma hata hatua moja. Katika ile ya Mary Wharton ya 2020 ni swahiba wa wanamuziki: Bob Dylan na Willie Nelson wanamshuhudia, na bendi ya Allman Brothers inamchangishia fedha za kampeni. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikata mkanda alipotaka.

Aliyelelewa na tenzi hapo hukosa raha. Mtunzi wa utenzi hajifichi. Huanza kwa jina la Mungu, huagiza wino na karatasi kama Mwana Kupona alivyomwagiza bintiye katika utenzi aliomtungia, na mara nyingi beti za mwisho humtaja yeye mwenyewe au mwaka wa utungo. Ukimaliza unamjua aliyehukumu. Makala za televisheni ya Marekani hupenda kukaa nyuma ya mashahidi: mwanahistoria asema hili, waziri wa zamani asema lile, picha za kale zinapita, na hukumu inatokea kana kwamba imejizaa.

Lakini nisiusifu utenzi kupita kiasi. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, sultani wa Pate hapewi nafasi ya kujitetea, na shujaa anaangushwa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe. Kosa lote ni la msaliti. Carter aliangushwa na wapiga kura, mwaka 1980. Kwa hiyo anayesimulia urais wake hana pa kukwepea: kuna mateka 52 walioshikiliwa Iran kwa siku 444, kuna jaribio la kuwaokoa lililoua wanajeshi 8 jangwani, na kuna swali la wapi yeye mwenyewe alikosea. Swali hilo Liyongo haulizwi kamwe.

Sanaa zote mbili, hata hivyo, hupenda kishindo. Kijumwa ana tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa ili Liyongo atoroke kifungoni. Kamera ina mapatano ya Camp David na mateka wa Tehran. Lakini kazi iliyomkalisha Carter miaka mingi zaidi ni kuwaandama minyoo wa Guinea. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5, miaka ya karibuni hawafiki 20 kwa mwaka, na Uganda, Kenya na Kongo zimethibitishwa kuwa huru. Chanjo hakuna, dawa ya kuutibu ugonjwa huo hakuna. Kuna kitambaa cha kuchujia maji, na mtu wa kurudi kijijini tena na tena kuhakikisha kinatumika. Utampigaje picha mtoto ambaye hakuugua?

Mwana Kupona angejua pa kuanzia. Utenzi wake hauna vita. Una kazi za nyumbani, moja baada ya nyingine, kwa subira ya mama anayejua kwamba maisha ndiyo hayo. Filamu ya Carter ninayoingoja imfuate yeye, si Kijumwa: kitambaa cha kuchujia maji kipewe saa nzima, Tehran ipewe dakika kumi, na mtengenezaji aseme mapema kwamba ndivyo alivyoamua.