Kwa daladala hadi Bagamoyo, mji wa waliobeba mizigo

Karibu kila aliyesoma shule Tanzania anaijua hadithi ya jina Bagamoyo. Mtumwa anafika pwani, anaiona bahari, anajua kwao harudi tena, basi anabwaga moyo wake hapo hapo. Ni hadithi inayoliza, na waongoza watalii wanaipenda. Ila kitenzi chenyewe kinavutia upande mwingine.

Kubwaga ni neno la mtu mwenye mzigo. Unabwaga gunia, unabwaga kuni. Hata anayeacha kazi tunasema amebwaga manyanga. Na aliyebwaga moyo ni mtu aliyepumzika baada ya tabu. Ndiyo maana yapo maelezo ya pili ya jina hilo, yasiyosikika sana: kwamba ni neno la wapagazi waliotoka bara na mizigo kichwani na mabegani, wakafika pwani, wakautua mzigo pamoja na wasiwasi wa njiani.

Mimi nayaamini zaidi haya ya pili, na niliyawaza sana Jumamosi moja nikiwa nimebanwa kwenye Kosta iliyotoka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam. Safari ni ya kilomita 70 hivi: Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, kisha Mapinga na Kerege, nyumba zinapungua na minazi inaongezeka. Pale Tegeta alipanda mama mmoja na mafurushi mawili.

“Mama, mzigo huo unalipiwa,” konda akamwambia.

“Mzigo gani tena, mwanangu? Si nguo tu hizi.”

“Nguo gani nzito hivi, mama?”

Wakavutana mpaka Bunju, abiria wengine wakichangia, ndipo wakakubaliana. Nilicheka kama wengine. Lakini swali lao, mzigo huu una uzito gani na nani anamlipa nani, ndilo lililoujenga mji tuliokuwa tunauendea.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya kati ya misafara, iliyotoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kupita Tabora. Mbung'o waliua punda na ng'ombe, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alichukua kilo 30 hivi. Kwenda bara walibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Kutoka pwani hadi Tabora ni kilomita 800 hivi, miezi miwili au mitatu ya kutembea.

Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaeleza kama wafanyakazi wenye ujuzi, desturi na heshima ya kazi yao. Mbele alitangulia kirangozi, aliyeijua njia. Makundi yalisimamiwa na wanyampara. Chakula cha njiani kiliitwa posho. Posho ikichelewa, au tajiri akitaka kuwatembeza kupita kiasi, wapagazi waliweka mizigo chini na kugoma, au walitoroka. Leo mbunge anapodai posho bungeni, kumbe anatumia neno lililozoeleka kwenye misafara.

Sisemi kwamba utumwa haukuwapo. Ulikuwapo, na ulikuwa mbaya. Watumwa walipitishwa Bagamoyo, na hata baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Lakini bandari kubwa ya watumwa upande wetu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilitajirika hasa kwa pembe. Tukiiweka historia yote ya mji kwenye minyororo, tunamnyang'anya mpagazi kitu alichokuwa nacho kweli: uwezo wa kukubali kazi, kuidai bei yake, na kuikataa.

Tazama tunavyomkumbuka Livingstone. Kwenye misheni wanakuonyesha mnara wa kanisa la zamani ambako maiti yake ililazwa Februari 1874. Mnara unaitwa kwa jina lake. Lakini hakufika pale kwa miguu yake. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na kundi la watu kama 60, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakaukausha mwili wake na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Jacob Wainwright alisafiri na jeneza hadi London. Chuma na Susi, walioongoza safari yote ile, walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Kilichoufanya mji kitulie hakikuwa kukomeshwa kwa utumwa peke yake. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Bagamoyo maji yakipwa, bahari inarudi mbali na mashua zinalala mchangani. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Behewa halidai posho. Mpagazi hakuhitajika tena, na mji ulioishi kwa kumlisha, kumkodi na kumlaza ukabaki na nyumba zake za mawe na milango ya kuchonga.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mtumwa yumo kwenye jina. Pembe imo. Aliyeibeba pembe kwa ujira, na aliyekuwa mwingi kuliko wote njiani, hayumo.

Ukienda, panda daladala, bwana. Ukishuka stendi, kabla bodaboda hajakukimbiza ufukweni, pita kwanza Caravan Serai, palipopewa jina la misafara. Kisha muulize mwongozaji wako swali moja: wapagazi walilipwaje, na wasipolipwa walifanya nini? Wakiulizwa na wageni kumi kwa siku, watalitafutia jibu, na siku moja litaandikwa ukutani.