Glaida za mbao zilizostaafishwa jeshini, bado ziko angani

Katikati ya miaka ya 1980, Jeshi la Anga la Uingereza liliachana na glaida za mbao. Ndege hizo zisizo na injini, ambazo vizazi vya kadeti vilijifunzia kuruka, ziliuzwa kwa raia, na mahali pake zikaingia glaida za faibaglasi kutoka Ujerumani.

Mafunzo yenyewe yalianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kikosi cha vijana cha ATC kiliundwa mwaka 1941 ili kuwaandaa wavulana kujiunga na jeshi la anga. Siku hizo mwanafunzi alikaa peke yake katika glaida ya kiti kimoja, Kirby Cadet. Kwanza aliburutwa ardhini na kebo ya winchi ajifunze kuyaweka mabawa sawa, kisha akainuliwa kidogo, kisha juu zaidi. Mwalimu alibaki chini.

Fred Slingsby, mtengenezaji wa glaida wa Yorkshire, ndiye aliyempandisha mwalimu ndani ya ndege. Glaida yake ya T.21 iliruka mara ya kwanza mwaka 1944, na jeshi likaiita Sedbergh. Ilikuwa na mabawa ya zaidi ya mita 16 na viti viwili ubavu kwa ubavu, bila paa. Mbele ya rubani kulikuwa na vijibomba viwili vya kioo, kila kimoja na kidude ndani: cha kijani kikipanda, hewa inakubeba, chekundu kikipanda, unashuka. Baadaye ikaja Cadet Mark 3, kadeti mbele, mwalimu nyuma. Kijana wa miaka 16 aliyeruka peke yake mara tatu alipata beji yake.

Raia walionunua glaida hizo jeshi lilipoziuza walijua wanachokichukua. Chama cha Vintage Glider Club kilikuwapo tangu 1973, na mwaka 2013 kituo cha urithi wa glaida kilifunguliwa Lasham, Hampshire. Kazi yao kubwa ni kupambana na unyevu. Fundi hubandua kitambaa cha bawa na kukagua kila kiungo, kwa kuwa gundi ikilegea, bawa haliaminiki tena. Plaiwudi iliyooza hukatwa, na kiraka kipya huchongwa ukingo kwa mshazari ili gundi ipate eneo pana la kushika.

Aprili 2014 glaida za faibaglasi za kadeti nazo zilizuiwa kuruka, kwa mashaka juu ya matengenezo na kumbukumbu zake. Kurejea kwake kulichukua miaka, huku baadhi ya Sedbergh zikiendelea kuruka mikononi mwa raia.

Wahifadhi wengi hawataki glaida zote za mbao ziishie makumbusho. Glaida inayoruka hukaguliwa kila mwaka, na kasoro huonekana mapema. Iliyotundikwa darini inaweza kuoza chini ya rangi nzuri, na kijana wa leo akakosa pa kujifunzia ufundi wa kuitengeneza.