Kutoka Mizani hadi Skrini: Kiswahili cha Mtandao katika Wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Historia ya kompyuta na intaneti katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kutoka mijini. Husimuliwa kutoka Dar es Salaam na Nairobi, katika vyuo vikuu, katika ofisi za makampuni ya simu na katika vikao vya wanaistilahi. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hazitajwi sana katika masimulizi hayo, na pale zinapotajwa huwa ni mfano wa mahali ambako teknolojia ilichelewa kufika. Mhadhara huu unaitazama historia hiyo kutoka upande wa pili. Unauliza: maneno ya teknolojia ya mtandao yalipofika katika nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, ni yapi yaliyopokewa, ni yapi yaliyoachwa, na mkulima alipata nini au alipoteza nini kwa kuyapokea?

Hoja inayojengwa ni hii. Kiswahili cha mtandao hakikuenezwa na orodha za wataalamu wala na hisani ya makampuni ya kigeni. Kilienezwa na shughuli ambazo mtu hawezi kuziacha: kupokea fedha, kuuza mazao na kuhesabu makato. Hata hivyo, ushindi huo umeleta swali jipya. Neno likishazoeleka, huweza kufunika mahali ambapo uamuzi umefanyika na mtu aliyeufanya.

Mashine zilizotangulia

Nachingwea haikuanza kukutana na mashine za kigeni katika zama za simu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, uliohusisha Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vilivyobaki baada ya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kufyekea misitu. Reli ilijengwa hadi Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango huo ulitangazwa kuwa umeachwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wanahistoria huutumia mkasa huo kuonyesha madhara ya kupanga bila kuuliza wenyeji wala kupima ardhi na mvua. Mwanaisimu anaweza kuongeza jambo jingine. Maneno kama trekta, greda na katapila ni ya aina iliyoenea nchini pamoja na mashine zenyewe. Katapila ni jina la kampuni lililogeuka kuwa nomino ya kawaida na kuingia katika ngeli kama neno lolote jingine: katapila limekwama, makatapila yamekuja. Hakuna kikao kilichohitajika. Mashine ilionekana, ikatajwa, na hata ilipoondoka jina lake likabaki.

Matukio mawili ya miaka ya 1970 yaliandaa njia ya yale yatakayoelezwa hapa. La kwanza ni kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyopewa msukumo pale mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vijijini, watu waliozungumza Kimwera, Kimakua, Kimakonde au Kiyao nyumbani walijifunza kusoma kwa Kiswahili. La pili ni uamuzi wa Serikali wa mwaka 1974 wa kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo yaliyoipata Hazina katika kuweka hesabu zake kwa kompyuta. Zuio hilo lilikuja kulegezwa, lakini kompyuta ilibaki chombo cha wachache kwa miaka mingi. Hivyo, katika wilaya kama Nachingwea, na Ruangwa iliyotengwa nayo mwaka 1995, watu wengi walijua kusoma Kiswahili kabla ya kuona kibonyezo cha kompyuta.

Orodha za wataalamu na milango ya makampuni

Mwanzoni mwa karne hii juhudi za kuipa kompyuta sura ya Kiswahili zilishika kasi. Mwaka 2003 Wikipedia ya Kiswahili ilianza. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa kompyuta walishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na washirika kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili kwa programu zake. Mwaka 2009 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri, na mwaka huohuo Facebook ikapata sura ya Kiswahili kwa mchango wa wanazuoni na wazungumzaji wa lugha.

Kazi hizo zilistahili sifa, nazo zilizua mjadala mkali kuhusu istilahi. Chombo kimoja kilipewa majina matatu. Tarakilishi, lililojengwa kutokana na tarakimu na akili, lilipata nguvu katika shule za Kenya. Ngamizi lilipendekezwa Tanzania, lakini lilikaribiana mno kisauti na kitenzi angamiza. Kompyuta lilitoka nje bila kuomba ruhusa, na ndilo lililoshinda katika mazungumzo ya Watanzania walio wengi. Tovuti na barua pepe yalipokewa vizuri. Wavuti lilisomwa zaidi kuliko lilivyosemwa. Kupakia na kupakua yalipata maana mpya bila shida, kwa sababu msemaji alikuwa akiyatumia tangu zamani kwa shehena ya jahazi na mizigo ya lori.

Mjadala huo, hata hivyo, ulimhusu mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Mkulima wa Ruangwa hakuwa miongoni mwa hao. Kwake yeye swali la tarakilishi au ngamizi halikuzuka, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuita kwa jina lolote kati ya hayo.

Simu na lugha ya fedha

Mabadiliko yalikuja kwa simu ya mkononi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na huduma za makampuni mengine zikafuata. Kwa watu wengi wa vijijini, orodha ya huduma katika simu ndiyo programu ya kwanza waliyoitumia maishani, na ilikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo. Haikutafsiriwa kwa ajili ya heshima ya lugha. Iliandikwa hivyo kwa sababu bila Kiswahili biashara isingekwenda.

Ukiitazama msamiati wake, utaona kwamba karibu wote ulikuwa tayari ndani ya lugha. Wakala na amana ni maneno ya biashara ya siku nyingi. Salio limetokana na kitenzi salia. Namba ya siri haihitaji maelezo. Neno muamala, ambalo hapo awali lilisikika zaidi katika vitabu vya dini na sheria, lilishuka hadi kwenye meza ya wakala wa kijijini, na leo muuza nyanya hulitamka bila kusita. Kando ya hayo vijana waliunda yao: kubipu, kurusha salio, bando. Matangazo ya makampuni husema kifurushi. Wateja husema bando, na kila upande humwelewa mwenzake.

Uzito wa maneno hayo ulidhihirika mwaka 2021, Serikali ilipoanzisha tozo kwa miamala ya simu. Malalamiko yalienea nchi nzima, na tozo hiyo ikapunguzwa ndani ya miezi michache. Watu walilalamika kwa sababu walielewa. Ujumbe wa simu uliwaonyesha, kwa lugha yao na kwa shilingi, kiasi walichotuma na kiasi kilichokatwa. Huo ni ushahidi mzuri kwamba istilahi inayoeleweka ni chombo cha uraia.

Mnada unahamia mtandaoni

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya wilaya hizi mbili ni soko la mazao. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliweka msingi wa utaratibu ambao, kuanzia msimu wa 2007/2008, ulitumika kwa korosho mkoani Mtwara na kisha ukaenea kusini. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, na mzigo hukaa ghalani hadi siku ya mnada. Nachingwea na Ruangwa, pamoja na Liwale, zinaunda chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI, jina lililofumwa kwa silabi za mwanzo za wilaya hizo tatu.

Msamiati wa utaratibu huo ni Kiswahili cha biashara ya pwani: stakabadhi, ghala, mizani, mnada, daraja, makato. Nao umezalisha neno lililosafiri kinyume cha kawaida. Kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya utaratibu rasmi kwa bei na vipimo vya kumpunja mkulima, ni neno la watu wa kusini. Mwaka 2018, wakulima walipokataa bei za mnada na Serikali ikaamua mwezi Novemba kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neno hilo lilitamkwa na viongozi wa juu wa nchi na kuandikwa na magazeti yote. Hapa kijiji ndicho kilichoipa dola istilahi.

Katika minada ya awali wanunuzi waliandika bei zao, zikatiwa katika sanduku, na zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima waliokusanyika. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa kifupi TMX. Mnunuzi aliye mbali huweza kushindana bila kusafiri, na bei zilizotolewa hubaki katika kumbukumbu. Wanaouunga mkono husema kwamba njama za wanunuzi kuzunguka sanduku zimekuwa ngumu zaidi. Wenye shaka husema kwamba sanduku lilionekana kwa macho, na karani aliyelifungua alijulikana kwa jina.

“Mfumo umekataa”

Shaka hiyo haipaswi kupuuzwa kama woga wa watu wasiojua teknolojia. Ina msingi katika lugha yenyewe. Neno mfumo limetokana na kitenzi fuma, kazi ya kuunganisha nyuzi kuwa kitambaa. Wakulima wa kusini walilizoea kwanza katika maneno “mfumo wa stakabadhi ghalani”, ambapo lilimaanisha utaratibu wa watu, sheria na maghala. Baadaye likaja kumaanisha pia programu inayoendesha utaratibu huo. Maana hizo mbili sasa zinaishi katika neno moja, na msikilizaji hawezi kujua daima ni ipi inayosemwa.

Kutokana na hali hiyo kumezuka kauli ambayo imekuwa ya kawaida katika ofisi nyingi nchini: mfumo umekataa. Kisarufi si jambo geni. Kiswahili kilishasema gari limekataa kuwaka. Tofauti ni kwamba gari lina mwenyewe na lina fundi, nao wanaweza kuitwa. Mfumo unaokataa hauonyeshwi mwenyewe wala fundi. Hali kadhalika, ujumbe wa mashine hupenda kauli ya kutendeka: muamala haujakamilika, namba haipatikani, imeshindikana. Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya kuuliza “na nani?” Kauli ya kutendeka huifunga nafasi hiyo. Mkulima anayesubiri malipo yake huambiwa kwa Kiswahili sanifu, na bado hajui amuulize nani.

Tatizo hilo linahusu pia masharti ya huduma. Kila Mtanzania anaijua kauli “vigezo na masharti kuzingatiwa”, inayosomwa harakaharaka mwishoni mwa tangazo. Ni wachache waliowahi kuvisoma vigezo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mtu haki juu ya taarifa zake, na marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Haki hizo zitabaki katika karatasi iwapo neno ridhaa litaishia kuwa kitufe cha kubonyeza ili huduma iendelee.

Hitimisho

Historia ya Nachingwea na Ruangwa inawafundisha wanafunzi wa Kiswahili mambo mawili. Kwanza, lugha haikushindwa na teknolojia. Ilikuwa na maneno mengi kabla ya chombo kufika, na pale yalipopungua wasemaji waliunda au waliazima. Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za vyuo vikuu zinafanya kazi bora zaidi zinaposikiliza ghala na meza ya wakala kabla ya kuandika orodha.

Pili, kazi ya istilahi haiishii katika kutafuta jina la chombo. Matrekta ya miaka ya 1940 yalipata majina haraka, na majina hayo hayakumpa mwenyeji sauti katika mpango wenyewe. Kiswahili cha mtandao kitakuwa kimekamilika pale ujumbe wa simu au tangazo la mnada litakapomweleza mkulima nani ameamua, kwa kigezo gani, na rufaa inapelekwa wapi. Hiyo ni kazi ya wanaisimu kwa kiasi kilekile ilivyo kazi ya waandishi wa programu, kwa kuwa kila mfumo una mfumaji, na sarufi ya Kiswahili inao uwezo wa kumtaja.