KWAYA NA OKESTRA: URITHI WA SING-AKADEMIE YA BERLIN

Wamisionari wa Misheni ya Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na Neno na nyimbo. Leipzig ndio mji ambao Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Baada ya kifo chake, kazi zake kubwa za kwaya zilikaribia kusahauliwa. Walioirudisha iliyo kuu miongoni mwao masikioni mwa watu walikuwa wanakwaya wa Berlin, raia wasioishi kwa muziki, wakisaidiana na wapiga ala.

Chimbuko la Kwaya

Kwaya hiyo, iitwayo Sing-Akademie, huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 24 Mei 1791. Mwanzilishi wake, Carl Friedrich Christian Fasch, alikuwa mpiga kinanda wa jumba la mfalme wa Prussia. Wanaume na wanawake waliimba pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika muziki wa kanisa wa enzi zile. Walianza kukutana nyumbani kwa watu, kisha mwaka 1793 wakapata nafasi katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme, na ndipo jina lao lilipotoka. Mwaka 1794 walianza kujifunza nyimbo za Bach.

Fasch alipofariki mwaka 1800, uongozi ulimwangukia mwanafunzi wake, Carl Friedrich Zelter, ambaye kwa kazi yake ya mikono alikuwa fundi mwashi. Zelter alitambua kwamba kwaya isiyo na wapiga ala haiwezi kuimba kazi kubwa. Kwa hiyo mwaka 1807 alianzisha shule ya wapiga ala kando ya kwaya, nao wakafanya mazoezi yao kwa utaratibu kama waimbaji. Miongoni mwao alikuwamo Sara Levy, mama wa Kiyahudi aliyepiga kinanda kwa ustadi na kuiachia kwaya hati nyingi za muziki wa jamaa ya Bach.

Kabati Lafunguliwa

Hazina ilikuwapo, lakini ilikaa kabatini. Zelter aliwafundisha wanakwaya sehemu za kazi za Bach faraghani, akiamini kwamba watu wa nje hawangeweza kuzipokea. Kijana Felix Mendelssohn, aliyelelewa katika kwaya hiyo, alikuwa amepewa na bibi yake nakala ya Mateso ya Bwana kwa kufuata Injili ya Mathayo. Yeye na rafiki yake Eduard Devrient walimwendea mwalimu wao kuomba ruhusa. Zelter alikataa kwanza, kisha akakubali.

Kazi haikuwa nyepesi, kwa kuwa Mateso hayo yanahitaji kwaya mbili na okestra mbili. Eduard Rietz, kiongozi wa chama cha wapiga ala wa hiari, alisaidiwa na jamaa zake kunakili nota za ala pasipo malipo. Wapiga ala wa mfalme waliongezwa penye upungufu. Tarehe 11 Machi 1829 Mendelssohn, mwenye umri wa miaka 20, aliongoza waimbaji wapatao 158. Watu walijaa, na wengine wengi wakakosa nafasi. Kazi hiyo ilirudiwa tarehe 21 Machi, siku ya kuzaliwa kwake Bach. Kuanzia hapo muziki wa Bach ukaanza kuenea tena Ulaya.

Uchaguzi wa Mwaka 1833

Zelter alifariki mwaka 1832. Wanakwaya walipaswa kumchagua kati ya Carl Friedrich Rungenhagen, aliyemsaidia marehemu kwa miaka mingi, na Mendelssohn. Januari 1833 Rungenhagen alipata kura 148, Mendelssohn 88. Utumishi wa muda mrefu uliheshimiwa, na heshima hiyo haikuwa dhambi. Hata hivyo jamaa ya Mendelssohn, yenye asili ya Kiyahudi ingawa Felix alibatizwa utotoni, ilijitoa katika kwaya. Mwaka 1835 Mendelssohn alishika uongozi wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, na mwaka 1841 akayaongoza Mateso yale yale katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, mahali pake pa asili. Kipaji kilicholelewa Berlin kikazaa matunda mahali pengine.

Kupotea na Kupatikana

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maktaba ya kwaya ilihamishwa ili isiteketee, kisha ikachukuliwa na jeshi la Kisovieti. Kwa zaidi ya miaka hamsini haikujulikana ilipo. Mwaka 1999 ilionekana Kiev, nchini Ukraine, na mwaka 2001 ikarudishwa Berlin, ikiwa na vipande zaidi ya 5,000.

Kila usharika una kabati lake: madaftari ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono, nota za walimu waliotangulia, na tarumbeta kuukuu. Wazee wa Berlin walistahili shukrani kwa kuvitunza vitu kama hivyo, maana pasipo wao kijana asingekuwa na cha kuongoza. Lakini hati iliyotunzwa haikuimba yenyewe. Ilisubiri wazee wakubali kutoa ufunguo, wanakwaya wahudhurie mazoezi, na wapiga ala waketi pamoja nao. Kwaya inayoingia karne ya pili ya usharika wake inayo kazi hiyo hiyo: kutunza ilichopokea, na kuwakabidhi vijana wakiwa wangali nyumbani.