Bure, Huru na Huria: Programu Huria katika Ushindani wa Kompyuta za Mezani

Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mnamo Septemba 1983, lugha yake ilimpa neno moja tu, 'free', kwa dhana mbili zilizo mbalimbali. Yeye alikusudia mfumo endeshi ambao mtumiaji yeyote angekuwa na uhuru wa kuuendesha, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa kwa wengine. Wasikilizaji wengi walisikia habari ya kutolipa. Februari 1998 kikundi cha wataalamu waliokutana California kilikubali pendekezo la Christine Peterson kwamba programu za aina hiyo ziitwe 'open source', ili wenye mitaji wasitishwe na jina la awali. Stallman hakuafiki, na mgawanyiko uliozaliwa siku hizo ungalipo.

Kiswahili hakikuwa na haja ya mgogoro huo. 'Bure' hubeba maana ya kutolipa, na papo hapo hudokeza kutofaa: maneno ya bure, kazi bure, kufa bure. 'Huru' ni asiyetawaliwa. 'Huria' ni kile ambacho hakikuwekewa kizuizi. Haya mawili ya mwisho yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na mzizi huohuo ndio uliotupa kitenzi 'hariri', kwa kuwa katika Kiarabu kuiachia nafsi huru na kuisafisha matini ni kitenzi kimoja. Matumizi ya 'huria' katika maisha ya umma nayo yana mafunzo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kilitumia neno hilo kwa maana ya uwazi wa mlango. 'Soko huria' lilitumia neno lilelile kwa maana ya kuondolewa kwa amri ya dola. Kwa hiyo istilahi 'programu huria' inawaweka Stallman na wapinzani wake chini ya paa moja bila wao kujua.

Hata hivyo, ubora wa istilahi haukuisaidia programu yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba katika Afrika Mashariki, na hasa Tanzania, programu huria haikushindana na programu inayouzwa. Ilishindana na programu inayouzwa ambayo watu waliipata bure. Uwanja pekee ambao ingeweza kushinda ulikuwa lugha, na huko nako ilikutana na vizuizi ambavyo havikutokana na kompyuta.

Tuanze na ushindani wenyewe. Kiini cha Linux, kilichoandikwa na Linus Torvalds huko Helsinki kuanzia 1991, kilipata umaarufu wa haraka katika kompyuta za kuhudumia mitandao. Mezani mambo yalikuwa mengine, kwani karani na mwanafunzi walihitaji madirisha, vitufe na programu ya kuandikia. Miradi miwili ya kuujenga uso huo, KDE na GNOME, ilianza 1996 na 1997. Programu ya ofisi ilitoka upande mwingine: kampuni ya Kijerumani ya Star Division ilinunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, na mwaka uliofuata msimbo wa StarOffice ukawekwa wazi kwa jina la OpenOffice.org. Toleo la 1.0 lilitoka 2002. Kwa maana hiyo, mezani programu huria ilifika ikiwa kamili karibu mwongo mmoja baada ya Windows kuzoeleka.

Kuchelewa huko kuliumiza kwa sababu ambayo Jaji Thomas Penfield Jackson aliieleza katika matokeo ya uchunguzi wake wa Novemba 1999, kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft. Watumiaji huufuata mfumo wenye programu nyingi, nao waandishi wa programu huwafuata watumiaji walipo wengi. Duara hilo likishafunga, mgeni hana pa kuingilia. Jiji la Munich, lililoamua 2003 kuhamia Linux na kukamilisha kazi hiyo miaka kumi baadaye kwa kompyuta zaidi ya 14,000, liliona nguvu ya duara hilo: mwaka 2017 baraza lake lilipiga kura kurejea Windows. Lakini Munich ilikuwa na jambo moja ambalo Dar es Salaam haikuwa nalo. Iliwahi kulipia leseni, hivyo ilikuwa na fedha ya kuokoa.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa njia yake. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Wizara ya Fedha katika kompyuta kwenda mrama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, na milango ikafunguka kwa kweli katika zama za ruksa, biashara ilipofanywa huria. Ndiyo kusema soko huria ndilo lililoleta kompyuta ya mezani, na kompyuta hiyo ilikuja na programu zisizo huria. Sheria ya hakimiliki iliyotaja programu za kompyuta ilipitishwa 1999. Wakati huo nakala zisizo na leseni zilikwisha kuwa jambo la kawaida. Mafundi walikuwa na CD yao, nao kitendo cha kuiweka katika mashine kikapata jina lake mitaani: 'kupiga Windows'. Mteja alilipia mkono wa fundi. Programu yenyewe haikuhesabiwa kuwa bidhaa.

Bill Gates aliliona hilo mapema. Akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1998, alisema kwamba maadamu watu wa China watakuwa wakiiba programu, ni afadhali waibe za kampuni yake, maana siku moja itapatikana njia ya kuwatoza. Kauli hiyo ilihusu China, lakini mantiki yake inatuhusu. Nakala ya wizi haikumpunguzia mwenye mali mteja; ilimpunguzia mshindani wake hoja. Ukimwambia mtu wa Kariakoo kwamba Linux hailipiwi, atakuuliza kwani Windows inalipiwa na nani. Ikabaki hoja ya uhuru wa kuurekebisha msimbo, ambayo kwa mtu asiyeandika programu ni kama uhuru wa kuchimba kisima penye bomba.

Ilibaki lugha. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa kwa ushirikiano na washauri wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, uliichukua OpenOffice.org na kuitafsiri. Jambo OpenOffice ilitolewa mwishoni mwa 2004. Hakuna aliyeombwa kibali, kwa kuwa leseni ilikwisha kukitoa. Hapa uhuru ambao mtumiaji wa kawaida hakuuona ukawa chombo mikononi mwa wanaisimu. Mfano ulikuwapo kusini, ambako Dwayne Bailey na shirika la Translate.org.za walikuwa wakizitafsiri programu huria kwa lugha rasmi za Afrika Kusini. Katika mwaka huohuo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuzileta Windows na Office kwa Kiswahili. Sidhani kama ilikuwa sadfa tupu. Kwa vyovyote vile, faida ya kutangulia ilikuwa ya muda mfupi.

Tofauti ya kazi hizo mbili imo katika namna zilivyokaa ndani ya mashine. Tafsiri ya Microsoft ilikuwa vazi lililovikwa juu ya Windows ya Kiingereza, likifunika amri zinazotumiwa mara nyingi na kuacha nyingine zikichungulia kwa Kiingereza. Na aliyeshona vazi ndiye peke yake aliyeruhusiwa kulitia kiraka. Tafsiri ya OpenOffice ilikuwa mafaili ya matini ambayo mtu yeyote angeweza kuyafungua. Kwa upande wa istilahi, kambi zote mbili zilinufaika na uwezo wa lugha wa kupanua maana. 'Hifadhi', ambalo msomaji wa Kiswahili analijua kwa kutunza kitu na kwa kuweka Kurani moyoni, linafaa mno kwa kuweka faili. 'Pakua' limehama kutoka jikoni na gatini. 'Kivinjari' kimetoka kwenye kitenzi cha mabaharia, na kwa maoni yangu ndiyo istilahi nzuri kuliko zote za kundi hili, kwa sababu anayevinjari huzunguka huku akiangalia.

Lakini mtumiaji hakuyaona maneno haya kwa jicho letu. Alijifunza kompyuta katika shule ya sekondari ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, au kwa fundi ambaye alijifunza kwa Kiingereza. Amri alizijua kwa mahali zilipo na kwa sura zake, akazitamka 'kusevu' na 'kukopi'. Akifunguliwa menyu yenye Hifadhi na Hariri, hujiona amerudishwa darasa la kwanza katika lugha aliyozaliwa nayo. Hapa hapatoshi kusema kwamba tafsiri zilikuwa mbovu. Baadhi zilikuwa safi. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kama sehemu ya Kiingereza, na kuigeuzia lugha kulionekana kuipunguzia thamani, kama vile kitu cha bure kinavyodhaniwa hakifai. Programu huria ilitoa lugha bure kwa watu waliokuwa wanalipia ada ili waiache.

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Kompyuta ndogo za bei nafuu zilizoanza na Eee PC ya Asus mwaka 2007 ziliuzwa zikiwa na Linux, hadi Microsoft ilipoirefushia maisha Windows XP kwa ajili yake na kulirejesha soko hilo. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice.org waliondoka na msimbo na kuanzisha LibreOffice. Kiini cha Linux chenyewe kilipata watumiaji wengi kwa njia ya simu za Android, ambako mtumiaji hana habari nacho.

Kwa mtafiti wa lugha, kuna mabaki ambayo bado hayajachambuliwa ipasavyo. Katika mradi huria kila badiliko la mstari huandikwa pamoja na tarehe na mhusika wake. Anayetaka kujua ni lini neno moja liliondolewa menyuni na jingine likawekwa, anaweza kuipata siku yenyewe, jambo ambalo mwanaleksikografia wa vitabu hupata kwa nadra. Istilahi za Windows XP hazina kumbukumbu ya namna hiyo iliyo wazi kwa umma, na tangu kampuni ilipoacha kuuhudumia mfumo huo Aprili 2014 ni vigumu hata kuziona zikiwa kazini. Mafaili ya Jambo OpenOffice ni mepesi kunakiliwa. Yanahitaji tu maktaba moja ya chuo iyahesabu kuwa matini ya Kiswahili, kabla seva za mwisho zenye nakala hazijazimwa.