Kundi dhaifu la nyuki: namna ya kulivusha kiangazi

Katika kanda ya kati, Dodoma na Singida, mvua huisha mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo maua hupungua, visima vya juu hukauka na upepo huanza kuvuma. Kundi lenye nguvu huvumilia. Kundi dhaifu huhama au hufa, na mfugaji hubaki na mzinga mtupu hadi makundi mapya yaanze kutafuta makazi.

Nyuki wa Ulaya hujikusanya pamoja ndani ya mzinga na kula akiba yake baridi yote. Nyuki wetu ni tofauti. Akikosa chakula au maji, au akisumbuliwa mno, huondoka. Kwa hiyo kazi yetu ni kumpa sababu ya kubaki.

Dalili za udhaifu

Nyuki wachache wanaingia na kutoka, masega mengi hayajafunikwa na nyuki, asali ni kidogo, au kuna utando wa nondo wa nta. Kagua jioni, ukiwa na mavazi ya kinga na moshi wa kiasi, na usikae muda mrefu.

Anza na malkia

Tazama masega ya katikati. Ukiona yai moja katika kila chumba, malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita, maana yai huanguliwa baada ya siku 3. Ukiona mayai mengi katika chumba kimoja, yamkini malkia hayupo na vibarua wameanza kutaga. Mayai yao hutoa madume tu. Kundi la namna hiyo haliponi kwa kulishwa. Ni vyema kuondoa masega yake yanayofaa na kuyapa kundi jirani lenye afya, kuliko kusubiri nondo wayamalize.

Punguza nafasi

Ondoa masega matupu na yaliyoharibika, ubakize yale ambayo nyuki wanaweza kuyafunika. Masega hayo yayeyushe upate nta, usiyatupe karibu na manzuki. Punguza pia mlango, ubaki upana wa vidole viwili hivi, ili walinzi wachache waweze kuwazuia wezi kutoka mizinga mingine.

Chakula na maji

Chakula bora ni asali yao wenyewe, hivyo usivune yote. Kama akiba imekwisha, changanya sukari nyeupe na maji safi ya uvuguvugu, kipimo kwa kipimo. Weka ndani ya mzinga jioni, na vijiti vya kuelea ili nyuki wasizame. Usiweke nje, utaita wezi. Usitumie sukari guru, huwaharisha. Usilishe asali ya kununua, inaweza kuleta ugonjwa.

Acha kulisha maua yanapoanza. Asali iliyochanganyika na maji ya sukari si ya kuuza. Ukiiuza unaharibu jina lako na la wafugaji wenzako.

Maji nayo ni muhimu kama chakula. Weka beseni lenye mawe kivulini karibu na manzuki, na ulijaze kila siku. Likikauka siku chache, nyuki watatafuta kwingine.

Kivuli na maadui

Mzinga usipigwe na jua la mchana. Uning'inize kwa waya na upake grisi kwenye waya kuzuia siafu. Fyeka majani yanayogusa mzinga, kwa sababu siafu huyatumia kama daraja.

Kagua tena baada ya wiki mbili. Ukiona majana mapya yaliyofunikwa vizuri, kundi limepata nafuu. Ukiona hali imezidi kuwa mbaya, mwone ofisa nyuki wa halmashauri yako mapema, kabla nyuki hawajaondoka.