Utengamao hupimwa mteremkoni

Wizara ya Afya ya Tanzania huziita huduma za utengamao: fiziotherapia, tiba kazi, viungo bandia, mazoezi ya kuongea kwa aliyepooza ulimi, na mengine yote yanayomrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali. Neno limetoka kwenye kitenzi kutengamaa, yaani kukaa sawa, kutulia baada ya kuyumba. Maneno mengine yaliyokuwepo yana kasoro. Urekebishaji unanuka gereza na tabia mbaya. Ukarabati ni wa majengo na barabara. Ukisema mtaani kwamba fulani yuko rehabu, msikilizaji anafikiria dawa za kulevya moja kwa moja, na Zanzibar nyumba za waraibu zina jina lao, nyumba za upataji nafuu. Utengamao una ajali moja tu: unafanana mno na utangamano, na wapo waandishi wa taarifa za semina wanaoyaandika maneno haya mawili kana kwamba ni moja. Utangamano ni watu kuishi kwa kupatana. Utengamao ni mguu kurudi kazini.

Neno la pili ninalolihitaji, uuguzi, nalo lina mambo yake. Anayeumwa anaugua, anayemhudumia anauguza. Huko Myamba, kata ya milima ya Upare Kusini katika Wilaya ya Same, mama asipoonekana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, mtu akisema “anauguza” basi maelezo yamekwisha. Hakuna atakayeuliza cheti chake. Kiswahili kimeweka kazi ya binti anayemlisha babake uji na kazi ya muuguzi mwenye leseni kwenye kitenzi kimoja. Kwa heshima, hilo ni jambo zuri. Kwa upimaji wa ubora ni mtego, kwa sababu kulisha, kuogesha na kubadilisha shuka ni matunzo, ilhali kusafisha kidonda kirefu, kubadilisha mpira wa mkojo, kulisha kwa mpira wa puani na kutambua kwamba homa ya leo si ya jana vinahitaji mtu aliyesomea. Hapo ndipo tunapolazimika kuongeza “wa kitaalamu”.

Maneno hayo mawili yanakutana katika istilahi ninayoizungumzia: kituo cha uuguzi wa kitaalamu na utengamao. Wamarekani hukiita kwa kifupi SNF, na aghalabu wenye vituo hivyo huongeza neno la utengamao kwenye kibao cha mlangoni. Inafaa kujua kwamba jina hilo lilizaliwa na bima, wala si na waganga. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilipotungwa mwaka 1965, ilikubali kulipia kipindi cha kupona nje ya hospitali, na mwaka 1972 sheria ikaviunganisha vituo vya namna hiyo chini ya jina moja. Masharti yake yanaeleza maana kuliko kamusi: mgonjwa awe amelazwa hospitali walau siku 3 mfululizo, awe na hitaji la kila siku la muuguzi au mtaalamu wa mazoezi, na malipo yana kikomo cha siku 100. Kwa hiyo ni mahali pa kupita. Mtu anaingia akiwa hawezi kwenda nyumbani, anatarajiwa kutoka akiwa anaweza.

Ndiyo sababu tafsiri ya “nyumba ya wazee” haifai, ingawa ndiyo inayokuja haraka mdomoni. Makao ya wazee ya Njoro kule Moshi, Kolandoto mkoani Shinyanga, Nunge pale Kigamboni, Sebleni na Welezo Unguja, hayo ni makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mtu huishi humo, mara nyingi hadi mwisho. Kituo tunachokitafutia jina kinaweza kumpokea kijana wa bodaboda wa miaka 28 aliyevunjika paja, akae wiki sita, aondoke. Ndugu zetu wengi walioko Marekani, Wakenya hasa na Watanzania pia, wamejenga nyumba huku kwa mishahara ya usaidizi wa wauguzi katika vituo hivyo, na wanapoulizwa kwenye simu hujibu, “Nafanya kazi kwa wazee.” Jibu hilo linaficha nusu ya kazi.

Kwetu sehemu za kituo hiki zipo, ila zimetawanyika. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu wa fiziotherapia na tiba kazi, na tangu 1981 ina chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba saidizi. Dar es Salaam kuna hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Usa River na Monduli kuna vituo vya utengamao vilivyowaelekea zaidi watoto na vijana wenye ulemavu. Uuguzi uko wodini, utengamao uko kwenye taasisi chache, makao yako ustawi wa jamii. Mzee wa Myamba aliyepata kiharusi akiwa kwenye shamba lake la tangawizi atashushwa hadi hospitali ya Gonja au Same, pengine atapewa rufaa kwenda KCMC, umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Same mjini. Siku chache baadaye anapewa ruhusa. Kati ya kitanda cha hospitali na kitanda cha nyumbani hakuna kitu katikati. Kituo chake cha uuguzi na utengamao ni chumba cha mwanawe, pamoja na muuguzi wa zahanati iliyo karibu na mhudumu wa afya ya jamii akipita.

Je, ubora wa kituo cha namna hiyo unatathminika? Mimi nasema ndiyo, tena kwa vipimo vilevile vya maana vinavyotumika kwenye majengo ya vioo, mradi tuvichague vizuri.

Tathmini ni neno la Kiarabu lililotoka kwenye ukoo mmoja na thamani. Kwa asili ni kukipa kitu bei. Ukaguzi ni kutazama kama kilichoagizwa kipo. Maofisini tunayatumia kama mapacha, na matokeo yake ni kwamba mkaguzi anahesabu vitanda, anapiga picha ya kibao cha huduma kwa mteja, kisha ripoti inaitwa tathmini ya ubora. Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Marekani, alitenganisha mambo haya katika makala yake ya mwaka 1966. Alisema ubora wa tiba utazamwe katika muundo, mchakato na matokeo: kilichopo, kinachofanyika, na kilichompata mgonjwa. Chukua dirisha la wazee, lile lenye bango la kumpisha mzee kwanza ambalo hospitali nyingi za Tanzania zinalo. Dirisha ni muundo. Mzee kuhudumiwa hapo bila kusimama saa mbili ni mchakato. Shinikizo lake la damu kushuka ni matokeo. Dirisha linaweza kuwepo na kupakwa rangi mpya kila mwaka bila hayo mengine mawili kutokea.

Nchi zote mbili, Marekani na Tanzania, zimejaribu nyota. Marekani ilianza kuvipa vituo vya uuguzi nyota 1 hadi 5 mwishoni mwa mwaka 2008, ikichanganya ripoti za ukaguzi, saa za wauguzi kwa kila mkazi, na vipimo vya hali za wakazi wenyewe. Kwa miaka kadhaa hesabu za wauguzi zilitolewa na vituo vyenyewe, na vingi vilijaza kwa ukarimu. Tangu 2016 vikatakiwa kupeleka takwimu za malipo ya mishahara, na nyota za baadhi ya vituo zikapungua mwanga. Tanzania nayo ilianza kuvipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya mwaka 2015, chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Awamu ya kwanza ilikuta takribani theluthi moja ya vituo havina hata nyota moja, na awamu ya 2017/18 ikakuta kundi hilo limepungua sana. Kazi ile ilikuwa ya maana. Lakini iliishia mlangoni pa kituo, na kwa yule mzee wa kiharusi mambo yanaanza baada ya mlango huo.

Tukitafuta kipimo kimoja kinachosema ukweli kuliko vingine, mimi nachagua kidonda cha kulalia. Uzito wa mwili unaiminya mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na godoro, kwenye visigino, nyonga na juu kidogo ya makalio. Sehemu hiyo ikikosa damu kwa saa kadhaa inaanza kufa, na mara nyingi huanzia ndani, hivyo ngozi ikipasuka madhara yamekwisha kuwa makubwa. Dawa yake kuu ni mikono: kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, wengi hufundishwa kila saa mbili, na kumweka mkavu. Kwa hiyo kidonda kinatoa habari za usiku. Kinaeleza kama kuna aliyeamka saa nane, kama shuka lililolowa lilibadilishwa, kama mgonjwa anakula vya kutosha. Kituo kinaweza kumpamba mgeni wa mchana kwa maua na tabasamu, ila visigino vya wagonjwa wake havipambiki. Mjini Chicago au kijijini Upare, kidonda ni kilekile.

Kwa ngozi zetu kuna angalizo ambalo vitabu vilichelewa kuliandika. Dalili ya kwanza iliyozoeleka ni wekundu usiopotea ukibonyezwa. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Inabidi kupapasa: sehemu imekuwa ya moto au baridi kuliko jirani yake, imekuwa ngumu au imelegea, au rangi imezidi kukolea. Binti anayemuuguza babake anaweza kufundishwa hilo kwa dakika kumi kabla ya karatasi ya ruhusa kusainiwa, na kama hakufundishwa, hiyo ni alama ya kwanza ya kuikata hospitali iliyomruhusu.

Upande wa utengamao mambo ni magumu zaidi, kwani kipimo chenyewe kina kwao. Kinachotumika sana ni kile cha Mahoney na Barthel wa Maryland, cha mwaka 1965, chenye vipengele 10 vikiwemo kula, kuoga, kuvaa, kujizuia haja, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, kutembea na kupanda ngazi. Jumla ni alama 0 hadi 100. Wenyewe waliotunga walionya kwamba hata mwenye 100 si lazima aweze kuishi peke yake. Sasa kichukue hadi Myamba. Ngazi hakuna, kuna kijia cha udongo mwekundu kinachoteleza mvua ikinyesha, nyumba iko juu na maji yako chini. Choo ni cha kuchuchumaa, na mtu aliyefuzu kukaa kwenye choo cha hospitali kwa kushika chuma cha ukutani hajafuzu chochote hapo. Kiti mwendo kilichotolewa kwa nia njema kinabaki barazani. Mgonjwa aliyetembea mita 50 kwenye korido ya vigae huko Moshi ameandikiwa kwamba anatembea. Nyumbani kwake anahesabiwa kuwa hatembei. Wote wawili, aliyeandika na anayehesabu, wako sahihi, na ndiyo maana tathmini ya utengamao isiyotaja ardhi ambayo mtu anarudi kuikanyaga haijakamilika.

Wilaya ya Hai, iliyo mkoani Kilimanjaro kama Same, imekwisha kuonyesha njia. Watafiti wa afya ya wazee walipotaka kujua nani ameanza kupoteza uwezo wa kumudu maisha ya kila siku kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau, waliona maswali yaliyotungwa Magharibi, ya kupiga simu na kutunza hesabu za fedha, hayawapimi wazee wa vijijini. Wakatunga maswali mapya yanayotokana na kazi ambazo mzee wa pale anatarajiwa kuzifanya, na mwaka 2014 yakachapishwa kwa jina la IDEA-IADL. Fiziotherapia inangoja kitu cha aina hiyo. Kwa Upare Kusini ningependekeza vipengele vinne tu vya kuanzia: kuchuchumaa na kuinuka, kushuka mteremko kwa gongo, kubeba kitu kwa mkono mmoja huku ukitembea, na kufika msikitini au kanisani bila kubebwa.

Limebaki neno moja ambalo sijaridhika nalo. Vipimo hivi vyote hugawanywa kwa idadi ya watu na siku walizokaa, hivyo lazima anayehudumiwa apate jina. Wamarekani humwita mkazi, nami nimelitumia hapo juu nikiwazungumzia wao, lakini mtu anayepita kwa siku 40 si mkazi wa mahali. Mgonjwa si sahihi kwa aliyevunjika mguu na mwenye afya njema kwingineko. Mteja, neno lililoenea hospitalini siku hizi, linafaa dirisha la malipo. Mafundi wa TATCOT na watu wa tiba kazi wangeulizwa wanawaitaje watu wao wanapokuwa wenyewe, kabla orodha ya istilahi hizi haijapelekwa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa.